Kukeneka Marashi Nyumbani Lamu: Mtambo, Maji na Ubaridi

Ukitaka marashi ya nyumbani kwako, yawe ya mchaichai, mrehani, langilangi au mawaridi, huhitaji kiwanda. Unahitaji sufuria yenye mfuniko, neli ya shaba ya mita nne, ndoo, jiko la gesi na asubuhi moja isiyo na haraka. Kazi yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 9 mwanachuoni al-Kindi alikuwa Baghdad akiandika namna za kukeneka manukato, yaani kuyatoa kwa mvuke unaopozwa ukawa maji, na hadi leo wakulima wa Jebel Akhdar kule Oman hukeneka mawaridi yao kila mwaka kati ya Machi na Mei. Sisi wa Lamu, tunaorashia wageni marashi kwenye harusi na maulidi, tuna kila sababu ya kujua yanavyotengenezwa.

Wanaoanza kazi hii hushughulika zaidi na moto. Kwa maoni yangu moto ndio sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye ubaridi: mvuke utaupata kwa dakika ishirini, lakini kuurudisha kuwa maji, katika mji wenye joto ambao maji yake matamu ni ya kuhesabu, ndiko kunakoamua kama jioni utakuwa na chupa za marashi au nyumba iliyojaa mvuke. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata jambo hilo.

Kabla ya yote, mtambo huu ni wa maua, majani na viungo. Usitie ndani yake kitu chochote kilichochachushwa. Kukeneka pombe bila leseni ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya vileo ya mwaka 2010, na sumu ya methanoli, aina ya kileo, haijulikani kwa macho wala kwa pua. Maua hayana hatari hiyo, na kazi yake unaweza kuifanya mbele ya jirani yeyote.

Mvuke unabeba nini

Harufu ya mmea imo ndani ya mafuta mepesi yaliyofichwa kwenye majani, petali au magamba. Mafuta hayo peke yake huchemka kwenye joto kubwa sana: mafuta yanayotoa harufu ya mchaichai huchemka karibu na nyuzi 229, na yale ya karafuu karibu na 254. Lau tungeyachemsha yenyewe tungeyaunguza. Lakini yakiwa pamoja na maji, mafuta na maji kila kimoja huchangia mvuke wake, na mchanganyiko huo hupanda kabla hata ya nyuzi 100 kufika. Mvuke wa maji basi unayabeba mafuta bila kuyachoma. Ukiupoza, unapata vitu viwili katika chupa moja: maji yenye harufu, ambayo ndiyo marashi, na tabaka jembamba la mafuta juu yake. Kwa maua mengi tabaka hilo hutaliona kabisa, na hilo lisikuvunje moyo. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji petali kama kilo 3,000 hadi 5,000. Nyumbani tunatafuta maji yake.

Vifaa, na mahali pa kuvipata

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, ya lita 15 hadi 20, yenye mfuniko mzito unaokaa sawa. Ya alumini iache, kwa sababu marashi mengi yana ukali kidogo kama wa ndimu na huila. Pipa la mabati ya zinki liache pia, na usiguse kabisa chombo kilichowahi kubeba dawa, rangi au mafuta ya mashine, hata kioshwe vipi.

Neli ya shaba nyekundu ni ile laini wanayotumia mafundi wa friji, ambayo huuzwa kwa mita. Chukua ya nusu inchi, au ya tatu-kwa-nane ikikosekana. Ya robo inchi ni nyembamba mno. Petali moja ikipanda na mvuke inaweza kuiziba. Neli kubwa ya nusu inchi inatosha kwa mtambo wowote wa nyumbani.

Vingine ni ndoo ya lita 20 isiyovuja, chujio la chuma la kupikia kwa mvuke au wavu wa chuma wa kuweka majani juu ya maji, mrija mfupi wa silikoni wa kiwango cha chakula, klipu mbili, konekta ya nati ya kukazia neli kwenye mfuniko, washa za silikoni (pete za kuzuia kuvuja), na chupa za kioo. Mrija wa kawaida wa kumwagilia bustani usiuweke penye mvuke hata kidogo. Unalainika, unatoa harufu ya plastiki, na harufu hiyo haitoki tena kwenye marashi yako. Mrija wa silikoni huenda ukauagiza Mombasa. Vilivyobaki, ukizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wa friji, utavikusanya.

Mpeleke fundi mfuniko na umwambie wazi: "Fundi, nitobolee tundu moja tu katikati, nusu inchi, unifungie konekta hii kwa washa juu na chini. Usichomee." Ukilazimika kuunganisha shaba kwa shaba, usikubali lehemu yenye risasi, kwa sababu marashi yataiyeyusha kidogo kidogo nawe utaipaka mwilini. Lamu tuna bahati ya masonara wanaolehemu fedha kila siku. Sonara mmoja anaweza kukuungia neli kwa lehemu ya fedha, mradi umwulize kama haina kadimiamu, madini yenye sumu.

Watu hupenda kutumia presha kuka kwa kuwa mfuniko wake tayari una tundu. Mimi sipendekezi kwa anayeanza. Tundu lake ni dogo, na likiziba chombo hicho kimefungwa kwa kufuli. Sufuria ya mfuniko wa kawaida unaozibwa kwa unga ina usalama wake ndani: shinikizo likizidi, unga unapasuka, mvuke unatoka pembeni, nawe unazima moto.

Kukunja koili

Kata neli vipande viwili. Kipande cha mita moja ni cha shingo: kinasimama sentimita kumi na tano juu ya mfuniko, kisha kinapinda na kuteremka kuelekea ndoo. Mita tatu zilizobaki ndizo koili, yaani neli ya mizunguko inayokaa ndani ya ndoo ya maji ya kupozea.

Neli ya shaba ukiikunja ikiwa tupu inabonyea, na ikishabonyea hainyooki tena vizuri. Ijaze mchanga mwembamba uliokauka kabisa. Mchanga wa Shela hauna kifani kwa kazi hii, ila uuoshe chumvi kwanza na kuuanika juani siku nzima, kwa sababu unyevu ukibaki utagandamana ndani. Gonga neli taratibu kwa kijiti ukiwa unamimina, mpaka mchanga ushuke na kushindilika, kisha ziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti. Izungushe juu ya kopo la rangi lenye upana wa sentimita kumi na nane au ishirini. Utapata mizunguko mitano hivi. Vuta mizunguko iachane kwa vidole viwili, kisha toa vizibo na ugonge mpaka mchanga wote umwagike. Pitisha maji kwa nguvu mara kadhaa. Punje moja ya mchanga ikibaki utaiona kwenye chupa.

Sasa angalia mteremko. Kuanzia juu ya shingo hadi mdomo wa koili, neli iteremke moja kwa moja bila kupanda hata mahali pamoja. Penye bonde maji hutulia, mvuke huyasukuma, na marashi hutoka kwa kukohoa badala ya kutiririka. Toboa ndoo karibu na kitako, pitisha mdomo wa koili nje, na ukaze kwa nati na washa za silikoni pande zote mbili. Jaza ndoo maji, iache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Karatasi ikiwa kavu asubuhi, ndoo iko tayari. Kipande kifupi cha mrija wa silikoni kinaunganisha shingo na koili, ili uweze kutenganisha mtambo wakati wa kuosha.

Kabla ya maua ya kwanza, keneka maji yenye kikombe cha siki na uyamwage yote yanayotoka. Rudia kwa maji matupu na uyamwage pia. Matone ya mwanzo yanaweza kuwa na rangi ya kijani au samawati kutoka kwenye shaba, na hayo si ya kutumia.

Maji ya kupozea

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Kila lita ya marashi inayotoka imeachia joto jingi sana ndani ya ndoo, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hutoa joto lote ulilopewa na jiko. Ukianza na maji ya nyuzi 28, kama yanavyokuwa tangini kwetu, na ukiyaacha yafike 55, utahitaji kama lita 22 za kupozea kwa kila lita moja ya marashi. Yaani ndoo moja iliyojaa ni lita moja ya marashi, si zaidi. Anayetaka lita mbili kwa ndoo moja atashangaa kuona mvuke unatoka mdomoni mwa koili pamoja na harufu yote.

Lita arobaini na nne za maji matamu kwa lita mbili za marashi, katika mji unaotegemea visima vya vilima vya mchanga vya Shela, si kitu cha kuchezea. Kuna njia tatu, na zinaweza kuchanganywa.

Ya kwanza ni maji ya chumvi. Maji ya ndoo hayagusani na marashi. Yanagusa upande wa nje wa neli tu. Aliye karibu na pwani ateke ndoo mbili tatu za bahari, na wa ndani atumie kisima cha uani kilichoingia chumvi. Shaba inayavumilia vizuri. Kazi ikimalizika suuza koili na ndoo kwa kata moja ya maji matamu, kwa kuwa chumvi ikikaukia juu ya shaba itaitoa rangi ya kijani.

Ya pili ni barafu, ile ya wavuvi. Kilo moja ya barafu hufanya kazi ya lita tano hivi za maji ya kawaida. Iponde vipande vikubwa, uongeze kidogo kidogo juu ya ndoo. Vipande vidogo huyeyuka kabla kazi haijaanza.

Ya tatu ni kujua joto liko wapi. Maji ya moto hupanda. Baada ya nusu saa tia mkono kwenye ndoo kwa uangalifu: juu yanaunguza, chini bado baridi kabisa. Kwa hiyo usimwage maji mapya juu. Weka mrija unaofika chini, umimine baridi kupitia huo, na uyateke ya juu kwa kata. Maji hayo ya moto ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Hakuna tone linalopotea. Ndoo ya pili iliyowekwa juu zaidi, yenye bomba dogo, itakufanyia kazi hii bila kusimama.

Alama ya kufuata ni moja tu: marashi yanayotoka yaweze kushikwa na kidole bila kuchoma. Yakiwa ya moto, au ukiona ukungu mdomoni mwa koili, punguza gesi kwanza, kisha ongeza ubaridi.

Maji ya ndani ya sufuria ni jambo lingine. Hayo yawe matamu, na bora kuliko yote ni ya mvua. Ukikenekea maji ya kisima chenye chumvi, chumvi yenyewe haipandi na mvuke, lakini inabaki na kuganda kitakoni, na povu likipanda hadi kwenye neli itaingia kwenye marashi. Wanaokinga mvua ya masika kwenye tangi wana mali ya mwaka mzima.

Mmea wa kuanzia

Watu wengi watataka kuanza na asumini, kwa kuwa ndiyo harufu ya kikuba, kile kishada cha maua, na ya nywele za bibi harusi. Nawashauri msianze nayo. Asumini haipendi moto. Harufu yake nzuri huvunjika ndani ya sufuria na unachopata hukaribia harufu ya majani yaliyopikwa. Ndiyo maana hata wenye viwanda huitoa kwa njia nyingine. Asumini, na hata vilua, viloweke kwenye mafuta ya simsim, ukibadilisha maua kila siku kwa wiki moja au mbili, nawe utapata kitu ambacho mtambo hauwezi kukupa.

Anza na mchaichai. Unasamehe makosa, unatoa mafuta ya kuonekana kwa macho, na unaota popote. Kilo mbili za majani mabichi zinaweza kukupa kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta pamoja na marashi yenye nguvu. Mrehani unafuata, ukatwe unapoanza kutoa maua. Langilangi ni la hatua ya tatu: Komoro, alikotoka Habib Swaleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani, na mti wake unakua vizuri pwani yetu. Maua yachumwe yakiwa ya manjano, alfajiri, na yaingie sufuriani asubuhi hiyo hiyo. Yakilala siku moja yanageuka meusi na harufu inapotea.

Mawaridi ni matamu lakini yana sharti. Yawe ya nyumbani, yasiyopuliziwa dawa. Mawaridi ya maduka ya maua hupuliziwa, tena wakulima wake wengi walichagua rangi na urefu wa shina, si harufu.

Siku yenyewe

Chagua uwanja wa nyumba au dari isiyo na makuti juu yake. Moto na makuti visikutane. Wakati wa kusi upepo huyumbisha moto wa jiko, basi weka kinga ya bati upande unaotoka.

Kwa mchaichai, kata majani vipande vya vidole viwili na uyaache yanyauke kivulini saa mbili tatu. Mimina lita nne za maji, weka chujio juu yake lisiguse maji, tandaza majani bila kuyashindilia, na uhakikishe sufuria haikujaa zaidi ya theluthi mbili. Kwa mawaridi fanya vingine: petali zielee ndani ya maji yenyewe, kilo moja kwa lita tatu au nne, kwa sababu mvuke mtupu huzigandanisha donge moja na harufu hubaki katikati yake.

Funika. Kanda unga wa ngano na maji uwe laini kama wa chapati, uusokote kamba, na uubane pembezoni mwa mfuniko pande zote, na mwingine kwenye konekta. Washa moto mkubwa mpaka shingo ianze kuwa moto, kisha upunguze mara moja. Pitisha kijiko baridi polepole kuzunguka unga; kikishika umande mahali, hapo pana tundu, ongeza unga. Ukisikia mlio wa mvuke ukivuma, moto bado ni mkubwa.

Mwendo mzuri ni kujaza kikombe cha mililita 200 kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Pokea kila kikombe kwenye chupa yake na uiandike namba. Chupa ya kwanza huwa na nguvu sana na mafuta mengi. Za kati ni laini. Halafu hufika chupa yenye harufu ya mboga iliyochemshwa, na hapo zima moto, hata kama maji bado yamo. Kwa mrehani hilo huja baada ya saa moja hivi, kwa mchaichai saa moja na nusu au mbili, na kwa mawaridi acha ukipata lita moja hadi mbili kwa kila kilo ya petali. Sufuria isikauke kamwe: lita moja ibaki chini. Ukifungua mfuniko, elekeza uso pembeni, mvuke uliobaki ndani unaunguza kuliko maji.

Mtoto asikae karibu, na mtambo usiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kuswali. Zima, nenda, rudi uwashe.

Kuchanganya na kuweka

Usichanganye siku hiyo. Marashi mapya yana harufu ya moto kidogo, na siku chache katika chupa iliyofunikwa kwa kitambaa safi huyatuliza. Baadaye nusa chupa moja moja na uchanganye zile zinazokupendeza. Ya mwisho mara nyingi ni ya kuachwa. Mafuta yanayoelea yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uyahifadhi kwenye chupa ndogo nyeusi. Mafuta hayo usiyapake ngozini yakiwa matupu. Matone machache ndani ya kijiko cha mafuta ya nazi yanatosha.

Chupa zichemshwe kwanza, zijazwe hadi shingoni, na zikae kwenye giza, ndani ya friji kwa anayeweza. Hivyo marashi hudumu miezi sita hadi mwaka. Ukiona utando, nyuzi nyeupe au harufu ya uchachu, mwaga. Yale ya kunyunyizia wageni tia kwenye mrashi kiasi cha siku hiyo tu, na mrashi wenyewe uoshwe na kukaushwa kila baada ya shughuli, kwa sababu shingo yake nyembamba ndiyo inayoficha ukungu.

Ukishauzoea mtambo kwa majani, jaribu karafuu kutoka Pemba, ambako kiwanda cha makonyo cha Wawi hukeneka hata vikonyo vyake. Ziponde nusu nusu, ziloweke usiku kucha, na uzikeneke kwa moto mdogo. Zinahitaji saa nyingi, hivyo gawanya kazi kwa siku mbili na urudishe marashi ya siku ya kwanza sufuriani. Na usiyatafute mafuta yake juu ya chupa: ya karafuu ni mazito kuliko maji, utayakuta yametulia chini.